Shangazi Alipozima Simu

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kuongozea gridi ya Taifa, mkuu wetu wa zamu, ambaye jengo zima linamwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Niliombwa niandike wasifu wenye bashasha, na nilikuwa nimeshaumaliza, mpaka juzi mlinzi wa getini aliponiambia jambo lililonifanya nitafute mahali pa kukaa. Basi naanza upya. Mtanivumilia, maana mshtuko bado haujanitoka.

Shangazi alipoajiriwa, gridi ikianguka nchi nzima hakukuwa na ujanja. Mezani palikuwa na simu iliyokwenda moja kwa moja ng'ambo, kwa kampuni iliyotuuzia mitambo. Tuliiita Mjomba. Umeme umekatika? Mpigie Mjomba. Yeye huko aliko anabonyeza anavyojua, taa zinawaka, sisi tunapiga makofi.

Halafu Serikali ikakorofishana na nchi ya akina Mjomba juu ya mkataba wa bandari. Katikati ya ugomvi, gridi ikaanguka. Tukapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Tukapiga tena, kimya. Hospitali zikawa zinahema kwa jenereta, viwanda vikafungwa, na mwishowe wakubwa wetu wakatia saini kila walichoambiwa watie. Papo hapo Mjomba akapokea simu, tena kwa sauti ya furaha. Hatukuamini masikio yetu. Shangazi alilia kwa hasira mbele ya watu, akafuta uso, akarudi kwenye skrini yake.

Ndiyo maana Mpango Mkuu wa Kujitegemea ulipoanza kuandikwa, alijipenyeza kwenye kamati hata kabla hajaitwa. Wenzake walizungumzia mabwawa, reli na viwanda vya chuma. Yeye aling'ang'ania sentensi moja: nchi iweze kuwasha umeme wake bila kumpigia mtu yeyote. Walimcheka, lakini sentensi ikaingia.

Bwawa likajengwa, laini zikavutwa, vijana wakasomeshwa. Siku mkataba wa zamani ulipoisha, Mkurugenzi aliandaa hotuba ndefu. Shangazi hana subira na hotuba. Kabla haijafika nusu aling'oa waya wa Mjomba ukutani, akaweka chungu cha maua pale ilipokuwa simu. Mkurugenzi akaikunja hotuba yake. Maua yapo hadi leo, na ole wako usahau kuyamwagilia.

Tulichofanya baada ya hapo ni kichekesho. Tulimtoa Mjomba, tukamweka Shangazi! Gridi ikiyumba kidogo, mpigie Shangazi. Yuko likizo, piga. Anaumwa, piga vilevile. Mumewe, shemeji yetu mpole, alitulalamikia kwamba ile simu inalala kwenye mto, katikati yao. Siku ya harusi ya binti yake mkubwa, keki inakatwa, sisi tukapiga. Alitoka ukumbini na viatu vyake virefu, akasimama karibu na pipa la taka, akatuelekeza mpaka mji wa mwisho ukawaka. Kwenye picha za keki mama wa bibi harusi hayumo. Hakutulaumu, ila alituambia kwamba sentensi yake kwenye Mpango bado haijatimia.

Mwezi uliopita, Shangazi akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, mchana kweupe, nchi nzima ikazimika. Kwenye kiti chake cha mkuu wa zamu nilikuwa mimi. Nikampigia. Akauliza kitini yupo nani. Nikamjibu ni mimi, Shangazi. Akasema haya, kazi kwako, akakata. Kupiga tena, imezimwa. Jamani! Mmoja akasema ametususa, mwingine akasema huyo ameshaonja ustaafu, hana habari na sisi tena.

Hatukuwa na mwingine wa kumpigia. Tukaanza na bwawa moja dogo ambalo mitambo yake inaweza kujiwasha bila umeme wa nje, tukawasha laini moja, tukaipa umeme hospitali kuu na majengo yetu, tukangoja itulie. Kisha tukafanya pupa, tukaunganisha mitaa mingi kwa mkupuo, mzigo ukazidi, kila kitu kikaanguka tena. Tukaanza upya, jasho linatiririka, polepole sasa. Kufika jioni nchi ilikuwa inawaka, nasi tunakumbatiana. Lakini hasira juu yake haikuisha, na wapo walioapa kwamba sherehe yake ya kuagwa hawaikanyagi.

Juzi nikaenda kwa mlinzi kumwomba kisa cha kuchekesha cha kuongezea kwenye wasifu. Akashangaa kwamba sijui. Alisema siku ile, umeme ulipokatika tu, Shangazi alifika na pikipiki ya kukodi, kandambili miguuni. Nilipompigia alikuwa amesimama hapo hapo getini! Aliizima simu, akamkabidhi mlinzi, akamwambia hata nikilia usinirudishie. Akakaa kibandani kwenye stuli, mikono kichwani, macho kwenye balbu. Balbu ikawaka, ikazimika. Hapo aliruka, akashika mlango, akasimama pale, kisha akarudi kukaa. Ilipowaka tena na kutulia, alicheka huku analia, akaomba simu yake, akaenda zake nyumbani.

Nawaza angeingia tu, angetuepusha na jasho lile lote kwa maneno machache. Sijui roho ile aliipata wapi. Niliwasimulia wenzangu chumbani. Wale walioapa kutokuja sasa wanagombania viti vya mbele.

Shangazi, ahsante kwa yote, na zaidi kwa siku uliyokataa kutusaidia. Tunakuombea afya, usingizi mnono na mto usio na simu. Binti yako mdogo anaolewa mwakani: simama kwenye kila picha, ukae mpaka keki iishe. Na siku taa zikikatika, tafadhali, usije getini. Kaa ndani. Tupo.