Namba Moja Iliitwa Milioni Kumi na Sita

Bamama, bapapa, bandugu yangu bote, leo njo siku yangu ya kusema mu kikundi yetu. Furaha iko mingi mu roho, basi mukiona nacheka mbele ya kumaliza neno, munivumilie.

Benye kunijua banajua nilikuwa dactylo, mwenye kupiga barua ku mashini ya kuandika, miaka mingi. Kazi ile ilipokwisha, nikajifunza kuandika programu ya ordinateur, ile banaita pia kompyuta, na miaka yangu hii, batoto yangu banacheka. Mu darasa ile tulikuwa babili tulipendana sana. Mwenzangu sitataja jina yake, nitasema tu «dada».

Kuna dispensaire moja, nyumba ndogo ya kutunzia bagonjwa, hapa mu commune yetu ya Kenya. Kila asubui ilikuwa fujo: mwenye nguvu anaingia wa kwanza, mama mwenye mutoto mugonjwa anabakia inje. Sista mukubwa wa pale akatuambia: «Mutufanyie mashini ya kuita bagonjwa na namba.» Miye nikaandika programu ya kugawa namba, mu luga ya ordinateur banaita C. Dada akaandika ile ya kuita na sauti, mu luga ingine, Java, ku ordinateur ya pili. Kusudi izi programu mbili zisikilizane, kuna mulango banaita socket: moja inapiga hodi, ingine inafungua, na namba inapita. Hata kama luga ni mbalimbali, inapita.

Siku ya kwanza bantu banajaa. Nabonyeza namba moja. Sauti inaita: «Namba milioni kumi na sita, elfu mia saba sabini na saba, mia mbili kumi na sita!»

Bandugu, nabaambia, kicheko ya pale! Papa moja akanyanyua karatasi yake: «Mama, miye niko na moja. Nitangoja mupaka ufufuko?»

Nabonyeza mbili: milioni makumi tatu na tatu na kitu! Kicheko ikageuka makelele, bantu bakasukumana ku mulango, mama moja mwenye mimba akaanguka. Hakuumia, Mungu asifiwe. Lakini sista akazima mashini. Na miye, mu haya ile, nikanyoosha kidole: «Kosa ni ya huyu! Java yake haijui kuhesabu!»

Dada alibeba mufuko wake, akaenda.

Ku nyumba nikapima programu yangu yenyewe. Moja inatoka moja. Nikasema, munaona? Niko na haki. Lakini haki ile haikunifurahisha hata kidogo. Nikafunika ordinateur na kitambaa. Nikaacha kupita barabara ya dispensaire. Hapa ku kikundi mulikuwa munauliza niko wapi. Nilikuwa kwangu, mutaa ya Bel-Air, napika, nalala, nakasirika. Miezi mbili.

Mama moja wa hapa kati yetu akakuja kunitafuta. Hakuleta maneno mingi. «Vaa biatu. Unisindikize, napeleka mujukuu ku dispensaire.»

Tukafika. Fujo ilikuwa ile ile. Mama moja na mutoto wa homa alichoka kusukumwa, akarudia kwake. Mama mwenye alinileta akaniangalia.

«Yako iko sawa, unasema. Na ya dada?»

«Sijui.»

«Ulimuuliza?»

«Hapana.»

«Basi uko unangoja nini?»

Nilienda kwa dada siku ile ile. Akafungua mulango, akabakia pale ananiangalia. Nikasema: «Nilikusingizia mbele ya bantu. Unisamehe.»

Akasema: «Na miye nilipima yangu. Iko sawa.»

«Na yangu iko sawa.»

«Ingia. Basi tupime njia.»

Tukaandika ku karatasi kila kitu yenye inapita mu socket. Namba moja ilikuwa inatoka kwangu mu bipande ine: moja, zero, zero, zero. Programu yangu inatanguliza kipande kidogo. Yake inangojea kipande kikubwa kwanza. Inasoma kinyume! Hakuna mwenye alikosea kuhesabu. Tulisahau tu kupatana namna ya kutuma. Dada alicheka mupaka akakaa chini. Nikaongeza mustari moja ya kugeuza bipande, na moja ikafika moja.

Asubui yenye tulirudia ku dispensaire, nililomba sista ruhusa niseme kwanza. Nikasema mbele ya bagonjwa bote: «Kosa ya mashini tuligawanya babili. Ile ya mudomo ni yangu peke.» Kisha nikabonyeza.

«Namba moja!»

Bamama bakapiga vigelegele sawa ku ndoa. Leo bagonjwa banakaa ku benchi, banangoja zamu, na mutoto wa homa hakosi kumuona muganga.

Aksanti kwa sista mwenye alitupokea tena. Aksanti kwa mama mwenye alinitoa mu nyumba, na kwenu benye muliendelea kuniuliza. Neno ninabaachia ni hii: ukiona uko na haki na bado roho haina amani, enda uulize mwenzako yeye aliona nini. Na uende mapema, juu miye nilipoteza miezi mbili ya urafiki bure.

Dada mwenyewe njo yule anakaa kwa nyuma, anaficha uso na kitambaa juu ya kucheka. Kesho tunaanza kazi ingine pamoja, ya maternité, kule bamama banazalia. Mumupigie makofi, mupige nguvu, asikie!