Historia ya Tabibu Chhatarpal Tyagi, Aliyekataa Muwa wa Mashine

Ndugu zetu wa Bhainsrauli, wakwe zetu, na ninyi mliotoka mbali kwa basi na kwa trekta, leo tarehe 5 Machi 2018 ni siku ya kumi na tatu tangu mzee wetu atutoke, chai mmeshakunywa, sasa kaeni msikilize maisha yake kama familia ilivyoyaandika, hayakupambwa, na yeye mwenyewe hakupenda mapambo.

Marehemu Tabibu Chhatarpal Tyagi alizaliwa tarehe 9 Novemba 1944 hapa hapa Bhainsrauli, wilaya ya Muzaffarnagar, akiwa mtoto wa pili wa Tabibu Ramphal Tyagi na mkewe Bharto, msimu wa kukata miwa ukiwa umeanza, na inasemekana mama yake alishikwa na uchungu shambani akarudi nyumbani kwa miguu na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akakataa kupokewa, kwa hiyo ubishi wa marehemu msiutafute mbali.

Alisoma shule ya kijiji hadi darasa la tano mwaka 1956, akabaki na baba yake akitwanga mizizi na magome, na mwaka 1960 akapelekwa Haridwar kwa mwalimu wa tiba ya asili ya Ayurveda, akarudi Juni 1965 na cheti, kikohozi cha moshi wa jikoni kwa mwalimu, na maarifa ya muwa ambayo wengi wenu mliokaa hapa yamewapitia mwilini. Mizizi ya muwa aliichemsha kwa mtu anayekojoa kwa maumivu na kwa mama aliyejifungua maziwa yakawa haba, sukari guru iliyokaa chunguni mwaka mzima aliichanganya na tangawizi kavu kwa kikohozi, mwenye sukari kwenye mkojo alimfukuza hata kwenye harufu ya muwa, na mgonjwa wa manjano, yule anayekuja macho yamegeuka rangi, alimpa muwa wenyewe, umemenywa, ncha na mzizi vimetupwa, vifundo vimetolewa, autafune kwa meno yake mwenyewe, maana muwa wa kutafunwa hupoza mwili, na ule wa kukamuliwa kwa mashine, unaopita na mizizi, vumbi na wadudu, kisha ukakaa kwenye jagi, ni mzito na huunguza tumbo. Sheria hiyo aliikuta kwenye vitabu vya kale, hakuitunga yeye, ila aliilinda kuliko aliyeitunga.

Alianza kazi barazani kwa baba yake Julai 1965 na hakuiacha hadi Desemba iliyopita, wagonjwa wakikaa pale tangu asubuhi wanatafuna na kutema, naye akipita katikati yao, "Tafuna taratibu, hakuna anayekufukuza," na kwa mwingine, "Makapi unameza ya nini, bwana, wewe nyati?" na kweli wengi walipona, wengine wangepona hata bila yeye, na makapi yalijaa mpaka mlangoni, na aliyeyafagia hakuwa tabibu.

Tarehe 12 Mei 1967 alifunga ndoa na Bi Angoori wa kijiji cha Silana, wakajaliwa watoto wawili, binti, Munesh, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1969, na wa kiume, Brijveer, aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1972. Wawili, tunarudia, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili marehemu akiulizwa ana watoto wangapi alijibu mmoja, na wengi wenu mlimsikia mkanyamaza.

Ilikuwa hivi. Brijveer alilelewa kwenye kazi ya baba yake, alijua kumenya muwa kabla hajajua kufunga suruali, lakini Aprili 1996 alinunua mashine ya kukamulia akaiweka kituo cha mabasi mjini, akaandika ubaoni kwamba ni dawa ya manjano, kutoka kwa mtoto wa Tabibu Chhatarpal, na marehemu alipopata habari alipanda basi akaenda mwenyewe, akasimama mbele ya wateja.

"Hii ndiyo dawa niliyokufundisha?"

"Baba, watu wana haraka, hawana muda wa kutafuna."

"Muda wa kuugua wanao?"

"Na nusu yao ni vibogoyo. Wazee wale watafune na nini, Baba, na fizi?"

Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana marehemu alipandisha sauti. Alisema, "Futa jina langu," na Brijveer akalifuta kwa kitambaa cha kufutia glasi, watu wakicheka, na jioni hiyo marehemu akatangaza mbele ya wazee wa ukoo kwamba hana mtoto wa kiume, na siku akifa moto wa kuchoma mwili wake, ambao huwashwa na mtoto wa kiume, auwashe Lokendra, mtoto wa mdogo wake. Brijveer alihamia Meerut na mashine yake, akaoa huko, akapata watoto ambao babu yao hakuwaona, na kila sikukuu ya Diwali alituma salamu, Bi Angoori akazipeleka barazani, zikaishia hapo.

Kufikia mwaka 2011 marehemu naye hakuwa na jino hata moja kinywani. Munesh alimletea meno ya kubandika, akasema hayo si yake, ni ya duka.

Desemba 2017 macho yake mwenyewe yakageuka manjano, akajitibu, hakupata nafuu, na tarehe 16 Januari 2018 akapelekwa hospitali Meerut, ambako madaktari walikuta uvimbe umeziba njia ya nyongo, wakasema wazi kwamba hapo hakuna dawa itakayofungua, ya kwao wala ya kwetu, akarudishwa nyumbani tarehe 2 Februari, ruhusa akapewa ya kunywa anachotamani. Alitamani muwa. Bi Angoori hakuomba shauri kwa mtu, alimpigia Brijveer simu, akaja bila mashine, na kisu tu, akakaa uani nyuma ya ukuta wa chumba, akamenya, akatoa vifundo, akatwanga vipande kwenye kinu cha jiwe, akakamua kwa kitambaa safi, kikombe kimoja kwa kila mara, Munesh akakipeleka juisi ikiwa mbichi.

Marehemu alikunywa, akataka aletewe kipande kimoja cha muwa ule, akakigeuza vidoleni.

"Nani kamenya?"

"Mimi, Baba," akasema Munesh.

"Si wewe. Wewe unakata kifundo kama unapasua kuni."

Hakuuliza zaidi, akakimaliza kikombe, na kila siku akanywa. Bi Angoori alimwambia, "Yuko uani, mwite, unaona haya ya nini na umeshalala kitandani?" naye akajibu, "Kesho, Mama Munesh, leo sina nguvu," na kesho yake akajibu vilevile, nguvu za kukosoa chumvi kwenye uji anazo, na huku nyuma ya ukuta mwanawe anasikia kila neno. Asubuhi ya Jumatano tarehe 21 Februari 2018, kabla ya kikombe cha kwanza, akafariki. Agizo la moto hakulitengua, kwa hiyo Lokendra aliuwasha, na Brijveer akasimama mbali kwenye majani, ng'ambo ya moto, na sisi sote tulimwona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Meerut waliosema ukweli mapema, majirani waliotupikia siku ambazo jiko letu halikuwashwa, matabibu wenzake waliotoka Haridwar, na Lokendra, aliyefanya alichoagizwa huku analia, hatuna neno naye.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, na wajukuu watano. Limebaki la kilemba, ambacho leo lazima kifungwe kichwani kwa mrithi wa nyumba hii, na wazee mmeuliza tangu asubuhi ni kichwa gani. Marehemu aliagiza kuhusu moto, kuhusu kilemba hakuagiza, na Bi Angoori, aliyeishi naye miaka hamsini, anasema yule hakuwa mtu wa kusahau la kukataza, angelikataa angelisema, tena mara mbili. Brijveer, toka hapo mlangoni kwenye viatu vya watu uje mbele ukae, Lokendra ameshika kitambaa cha kilemba anakungoja.

Nawe Tabibu, kapumzike kwa amani, haya uliyoyaacha tutayamaliza sisi.