Mama Bukuru, Aliyerudi Kuuliza

Marehemu Pelagia Niyibizi, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Bukuru, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Busunzu, wilayani Kibondo. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Niyibizi na Bibi Immakulata, ambao wote wawili wametutangulia. Aliyemfuata ziwa ni Tharsisi, ndiye huyu anayewasomea maneno haya, na ambaye marehemu alimbeba mgongoni mpaka mbebwa akawa mzito kumshinda mbebaji.

Bibi Immakulata alikuwa na sheria yake ya mbegu. Mbegu ya maharage uliyopewa ni ya shamba lako. Ukitaka kummegea mwingine, sharti urudi kwa aliyekupa, umwambie. Pelagia, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alimgawia rafiki yake mbegu alizopewa na jirani wa ng'ambo ya bonde. Mama yake hakumpiga. Alimpa kikapu kitupu akamwambia, "Nenda ukamwambie mwenyewe." Binti alilia njia nzima. Jirani aliposikia alicheka, akamjazia kikapu, akasema, "Sasa najua mbegu yangu imefika wapi." Kisa hicho marehemu alikisimulia kila msimu wa kupanda, hata sisi wa nyumbani tukakichoka. Leo tunashukuru kwamba hakuacha kukisimulia.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Alitamani kuwa muuguzi. Nafasi zilikuwa chache na nyumba ilikuwa na midomo mingi, hivyo akabaki kulima. Hilo hakuwahi kulinung'unikia mbele ya wazazi. Mbele ya Tharsisi alilinung'unikia vya kutosha.

Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Bwana Harerimana, mkulima na fundi seremala wa Makere, wilayani Kasulu. Mwaka 1980 walijaliwa mapacha, Bukuru na Toyi, na mwaka 1983 akafuata Kiza, kama majina yenyewe, ya mapacha na ya anayewafuata, yanavyowaambia Waha wote mlioko hapa. Tangu wazae mapacha, jina la Pelagia lilibaki kwa padri na kwa wauguzi. Bwana Harerimana alifariki mwaka 2006. Marehemu alizoea kusema kwamba alikuwa mume mwema isipokuwa kwenye suala la kumaliza kabati lake mwenyewe, ambalo mpaka leo halina mlango.

Mwaka 1986 alipata mafunzo ya mhudumu wa afya wa kijiji, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo wake wote. Wako hapa watu wazima wenye ndevu ambao aliwapima uzito wakiwa wananing'inia kwenye mzani wakipiga mayowe. Alijua kubisha hodi, na akishakaribishwa hakuwa na haraka. Alipiga makofi taratibu kama desturi yetu inavyotaka, akaamkia "Mwakeye," akaulizia watoto, mbuzi, mihogo na wagonjwa, ndipo akaingia kwenye lililomleta. Aliamini kwamba ukimwacha mwenye nyumba na wasiwasi, salamu zako zote zimekuwa bure.

Desturi hiyo njema ndiyo iliyomtia kwenye jaribu kubwa la maisha yake, nalo mwenyewe alituruhusu kulisimulia.

Mwaka 2012 ulianza utafiti kuhusu kina mama wanaopoteza mimba, katika vijiji vya Makere na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Aliyeusimamia ni Daktari Shadia, binti wa Mzee Badru mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini, naye yuko nasi hapa leo. Marehemu aliajiriwa kuwatembelea kina mama, kuwasomea karatasi ya ridhaa kwa Kiha au Kiswahili, na kuandika habari zao. Karatasi ilieleza wazi kwamba majina yakishafutwa na kuwekwa namba, habari hizo zinaweza kupewa watafiti wengine. Marehemu aliisoma yote, neno kwa neno. Lakini alipoona mama fulani anashika tama, au anachungulia mlangoni asije akasikiwa na wifi yake, huruma ilimzidi, akaongeza la kwake: "Maneno haya yatakaa kwangu na kwa daktari tu." Kina mama wakatulia, wakasema yaliyokuwa moyoni, wakatia dole gumba. Na Mama Bukuru akaaga bila kuacha wasiwasi nyuma yake.

Januari 2014 chuo kimoja cha ng'ambo kiliomba kupewa habari zile zichanganywe na za nchi nyingine, ili ijulikane kwa nini mimba nyingi hivyo zinaharibika. Kamati ya maadili ya utafiti ilikwisha kukubali. Sheria ilitimizwa. Kilichobaki kilikuwa kutuma tu, na watumishi wote waliitwa Kasulu mjini kuelezwa habari hiyo njema. Soda ziligawiwa. Marehemu hakuigusa ya kwake. Aliomba kusema, akasimama.

"Mwanangu daktari, kibali unacho," alisema. "Neno langu huna. Karatasi ilisema hivyo, mimi nikawaambia vingine."

Daktari Shadia mwenyewe ametusimulia kwamba alikasirika, tena sana, maana alijua maana yake. Kamati ikishajua, huenda ikazuia habari zote, kazi ya miaka miwili ikapotea, na mama mjamzito wa mahali pengine akakosa msaada ambao ungepatikana.

"Mama Bukuru, unajua unachonifanyia?"

"Najua. Ningenyamaza wewe usingejua. Lakini wale walinipa mimi, hawakunipa karatasi."

"Na kina mama wa kwingine wanaozika kila mwaka? Hao nao tuwaambie nini?"

"Ndiyo maana sikusema tuache. Nasema turudi tukawaulize."

Marehemu alirudi Makere akijua kwamba kazi huenda imekwisha. Hakulia kwa ajili ya kazi. Alilia kwa sababu ya nyumba zile zote alimokuwa ameketi, na alituambia kwamba akifa kabla hajazirudia, tusimsifu kanisani.

Tunamshukuru Daktari Shadia mbele ya kaburi hili. Hasira yake ilipopoa aliiandikia kamati mwenyewe, akaeleza kilichotokea bila kumtupia lawama mtumishi wake, akaomba ruhusa ya kuwarudia kina mama kabla ya chochote kutumwa. Kisha akaja Makere, akaketi jikoni kwa marehemu akauliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Mama Bukuru, tuseme na wewe umo. Nikifuta jina lako, nikaacha kitongoji, na kwamba ulizaa mapacha mwaka themanini, nitakuwa nimekuficha?"

Marehemu alicheka mpaka akafuta machozi. "Utakuwa umenifunika uso, mgongo wote uko nje."

Basi wakakubaliana mambo mawili. Kila mama ataelezwa upya na kuulizwa upya, na ambaye hafichiki hata jina likifutwa ataambiwa hivyo waziwazi. Tena, kila atakapotokea mtu mpya wa kuomba habari zile, marehemu ataambiwa, naye atawafikishia kina mama. Hilo la pili lilikuwa sharti la marehemu, na sisi tuliosikia kisa cha kikapu tulijua limetoka wapi.

Kuanzia Machi hadi Juni 2014 alizunguka, masika yakimnyeshea, nyuma ya pikipiki ya mwanawe Kiza. Katika kila mlango alisalimu kama zamani, halafu akasema, "Nilikuahidi zaidi ya nilichokuwa nacho. Nimerudi." Wengine walimcheka kwamba ametoka mbali kote huko kuja kuomba alichokwisha kupewa. Wengi walikubali. Wapo waliokataa, naye aliwashukuru vilevile, akanywa uji wao. Waliohama wasipatikane, habari zao ziliachwa. Mama mmoja, ambaye simtaji jina wala kijiji, ana jambo ambalo jirani zake wote wanalijua. Aliuliza kama anafichika, marehemu akamwambia ukweli, akakataa. Jambo lenyewe siwezi kulitaja hata hapa, kwa sababu hiyohiyo.

Mama Jeanne wa Nyarugusu, ambaye ametupa ruhusa ya kumtaja, tena alisisitiza, alimjibu hivi kwa Kiswahili cha kwao: "Mama Bukuru, miye nakubali. Bapeleke hata ku Amerika. Lakini ubaambie bale badocteur, pale kwenye numéro yangu kuko mutu." Marehemu aliyapeleka maneno hayo kwa Daktari Shadia kama yalivyo.

Habari za waliokubali zilitumwa mwezi Agosti 2014. Mwanzoni mwa mwaka huu majibu ya kwanza yalisomwa mbele ya kina mama wenyewe hapa Makere, na marehemu aliketi mstari wa mbele na kitenge chake kipya.

Wakati huo alikuwa tayari anaumwa. Yeye aliyekuwa akiwahimiza wengine waseme, dalili zake alizificha tangu Oktoba 2014, akisingizia uchovu. Februari alipimwa Kasulu, akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa pande zote mbili. Huko Mwanza kijana mmoja daktari alimwomba ruhusa ili vipimo vyake vitumike katika utafiti. Marehemu alimuuliza, "Na mtampa nani mwingine?" Kijana aliyekuwa amesimama akavuta kiti, akakaa, akaeleza. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wapeni wote wenye kazi navyo."

Alirudishwa nyumbani mwezi Juni, siku ambazo malori ya ndugu zetu waliokimbia Burundi yalikuwa yakipita Makere kwenda kambini, na bado aliuliza kama watoto wao wamepata chanjo. Tharsisi alipomuuliza wasifu wake uandikwe vipi, alipendekeza maneno ambayo watu wameyazoea, kwamba "aliugua kwa muda mrefu." Dada yake alikataa.

"Andika saratani ya shingo ya kizazi. Uitamke mbele ya kina mama, wasikawie kupimwa kama mimi."

"Dada, mimi mwanamume, nitaona haya mbele ya watu wote."

"Utaona haya mara moja. Mimi naumwa kila siku. Na mengine ya mwili wangu yaache, hayo sijakupa."

Basi Tharsisi ameitamka. Mengine hakupewa.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Makere siku ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 2015, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mikononi mwa Toyi. Ameacha watoto watatu, Bukuru, Toyi na Kiza, wajukuu wanane, mdogo wake Tharsisi, shemeji, wakwe, na kina mama wa Makere na Nyarugusu ambao hatuwahesabu kwa majina.

Jana alasiri Daktari Shadia alifika msibani. Baada ya kutupa pole aliomba kusogea karibu na jeneza. Akapiga makofi taratibu, kama alivyofundishwa jikoni mle, akasema, "Mwakeye, Mama Bukuru. Kuna watu wapya wameomba. Nimekuja kukuambia."

Kisha Toyi akafuta macho, akamjibu kwa niaba ya mama yake: "Karibu, daktari. Tukishamaliza matanga, nitapita kwa kina mama kuwauliza."

Pelagia, kwa mbegu uliyopewa umewarudia wenyewe. Mwenye shamba akupokee, upumzike kwa amani.