Mama Mkwe wa Kwenye Runinga

Eveline aliitazama runinga ya basi la Iringa kwa jicho la mashaka. Lile igizo la nyimbo za kuchekesha, ambamo kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa mama mkwe, ukumbini kule Mafinga, sasa lilikuwa filamu, tena na mama mkwe mwingine.

“Tamu hii, dada,” alisema Bushiri, jirani yake wa kiti.

“Hao wanaocheka humo wako wapi? Mbona siwaoni? Jukwaani watu wakipenda wimbo wanapiga kelele, ‘Rudia!’ Nasi tunarudia.”

“Filamu si unairudisha nyuma mwenyewe?”

“Unarudisha wewe. Anayeimba atajuaje?”

Basi likasimama Igawa, runinga ikazimika katikati ya wimbo wa mama mkwe. Eveline akatega sikio asikie nani atasema rudia. Bushiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka, kufuata mahindi ya kuchoma.