Enzi na Mahali: Maisha ya Ta Datius Kahangwa, Msomaji wa Sarafu za Kale

Ndugu mliokuja kutusindikiza, mkifungua karatasi hii mtaona kwamba mahali pa tarehe ya kuzaliwa hapana tarehe. Mchapaji hakukosea. Alituuliza mara mbili, tukamjibu kwamba ndivyo tunavyotaka.

Marehemu baba yetu, Datius Kahangwa, alizaliwa hapa Kashozi katika enzi ya Waingereza, msimu wa senene, mwaka ambao baba yake alichuma kahawa yake ya kwanza. Hayo aliambiwa na mama yake, Bibi Jovita, ambaye hakujua kuandika na hakujua kudanganya. Wazazi wake walikuwa hawajaingia dini, kwa hiyo alibatizwa akiwa mvulana mkubwa, siku ya Pasaka, 6 Aprili 1958. Ile tarehe 1 Julai 1948 iliyo kwenye kitambulisho chake aliwekewa na karani alipoomba kazi. Aliivaa maisha yake yote kama koti la kuazima.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1967.

Mwaka 1970 alikwenda Mlimba kujenga reli, akawekwa chini ya fundi wa Kichina, Bwana Chen. Bwana Chen alikuwa na sarafu ya kale ya shaba yenye tundu la mraba katikati na maandishi manne kulizunguka. Marehemu alitaka kujua yanasema nini. Kila alipojaribu, aliyasoma kwa kuzunguka kama mshale wa saa, na Bwana Chen alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Juu, chini, kulia, kushoto!" Haikumwingia. Jumapili moja kwenye misa alimtazama padri, aliyewaelekea waumini, akifanya ishara ya msalaba: juu, chini, halafu mkono ukaenda kulia kwake yeye mtazamaji, kisha kushoto. Aliporudi kambini alisema, "Bwana Chen, kumbe sarafu yenu inafanya ishara ya msalaba!" Mwenzake hakuelewa kitu, lakini tangu siku hiyo marehemu hakukosea tena. Alijifunza kwamba mbele sarafu hutaja enzi ya mfalme, na nyuma, kwa zile alizofundishwa, alama ya upande wa kulia hutaja mji ilikotengenezwa.

Reli ilipokamilika alirudi, akafungua meza ya kutengeneza saa sokoni Bukoba. Familia zenye asili ya pwani zilimletea sarafu za mabibi zao. Vijana walimwita "Mchina wa Kashozi", naye aliitika. Jirani yake pale sokoni, Bi Mwajuma, mama yake Yasmin, ambaye yupo nasi leo, alileta ya bibi yake akisema ni ya zama za Nabii Suleiman.

"Mama Yasmin, hii ni ya Mfalme Qianlong, ilitengenezwa Beijing."

"Haya. Niandikie mwaka basi, Ta Datius, niwaringie mawifi zangu."

"Mwaka haikuutaja. Mfalme huyo alitawala miaka sitini."

"Si ubahatishe tu!"

"Nikibahatisha, utaondoka na sarafu yangu. Ya bibi yako utaiacha hapa mezani."

Bi Mwajuma alinuna wiki nzima, kisha akamletea vitumbua.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, Annastella, wa Kimwani, Muleba. Baba mkwe alipomuuliza umri alijibu, "Nina enzi mbili, Tata. Ya Mwingereza na ya Uhuru." Mzee alicheka, akaagiza aletewe lubisi, pombe yetu ya ndizi.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Sauti ilipungua, msimamo haukupungua. Alituambia, "Msinizike na tarehe ya karani." Alifariki nyumbani, akiwa amepokea sakramenti, Jumanne tarehe 11 Machi 2025.

Baba yetu mdogo, Lwakatare, amesema mbele ya ukoo kwamba msalaba usio na tarehe ya kuzaliwa ni aibu, watu watasema hatukumjua ndugu yetu. Baba mdogo, tunakuheshimu, na jibu letu ni hapana. Tunamjua mno kiasi cha kutokubali kumbahatisha. Siku aliyozaliwa anaijua Mungu aliyemuumba, nasi hatutamwandikia Mungu nyingine. Mbele ya msalaba huu pameandikwa: "Enzi ya Waingereza, msimu wa senene." Chini yake, siku aliyokufa. Nyuma pameandikwa: "Kashozi." Anayeona ni aibu, asome tena.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na mdogo wake Lwakatare.

Tata, pumzika kwa amani. Sasa tunawaomba wote, na ndugu zetu Waislamu mtuombee kwa namna yenu, tumuage kwa ule mpangilio aliousoma maisha yake yote, kama ambavyo angetuona akitutazama: juu, chini, kulia, kushoto. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.