Mpishi Aliyeacha Kuonja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja jikoni kwetu, Mpishi Mkuu wa shule hii, ambaye wanafunzi wa kila kizazi wanamjua kwa jina la Bi Mwiko, anavua aproni na kustaafu. Mimi mtunza stoo nimegombana naye kuhusu chumvi, mafuta na maharage yenye wadudu kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo, na sijashinda hata mara moja.

Alianza kwa kuosha vyombo, enzi ambazo jiko lilikuwa banda la mabati lililojaa moshi. Ni yeye aliyepigania dohani mpaka ikajengwa, na ni yeye aliyeamuru kwamba mwanafunzi aliyecheleweshwa na mechi asikute sufuria tupu. Hasira zake ni moto wa mabua: zinawaka ghafla, na kabla hujamaliza kujitetea umeshamiminiwa chai.

Miaka sita iliyopita alipasuliwa moyo. Vali moja iliyochoka ilitolewa, akawekewa ya chuma. Alirudi kazini amekonda, na ukikaa naye mahali penye utulivu unakisikia kifua chake kikigonga kama saa ya ukutani. Alisema afadhali, sasa hana kisingizio cha kuchelewa.

Vali hiyo ilikuja na masharti. Kila jioni, maisha yake yote, ameze dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa ikizidi, anaweza kuvuja damu; ikizidiwa nguvu, bonge la damu laweza kuganda kwenye vali na kukimbilia kichwani. Mboga za majani nazo huipunguza nguvu dawa hiyo, hivyo ukila nyingi leo na kesho usile, inayumba. Bi Mwiko aliyapokea masharti kwa mikono miwili. Alinunua mswaki laini, akavaa glavu nene akikata nyama, na hata kichwa kikimuuma hakugusa kidonge cha dukani kabla ya kuuliza kliniki. Jioni aliuzunguka uwanja wa mpira, mumewe, fundi baiskeli asiyependa kutembea kwa miguu, akihema nyuma yake.

Hata hivyo, vipimo vya damu viligoma kutulia. Shule ikifunguliwa damu inakuwa nzito, kliniki inamwongezea dawa. Likizo ikifika fizi zinatoka damu na mikono inajaa michubuko, wanampunguzia. Muuguzi akaanza kumshuku kwamba anaruka dozi. Hilo lilimuuma kuliko upasuaji wenyewe, maana hakuwa ameruka hata siku moja. Kisha, asubuhi moja katikati ya muhula, mwiko ukamponyoka, mkono wa kulia ukafa ganzi na maneno yakamkwama mdomoni. Ilikuwa dakika chache tu, lakini tulioshuhudia hatujasahau. Daktari hakuficha: chanzo kisipojulikana, jikoni asirudi, na huenda siku ya kustaafu asiione.

Chanzo kilijulikana kwa kicheko. Muuguzi alimuuliza kwa mara nyingine anakula mboga kiasi gani akiwa kazini, naye akaapa kwamba kazini hali kitu. Mpishi msaidizi aliyemsindikiza akashindwa kujizuia: “Ni kweli, sista, huyu mama hali. Yeye anaonja tu! Anaonja tangu alfajiri mpaka sufuria zioshwe!” Na ndivyo ilivyokuwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona Bi Mwiko na sahani. Alikula kiganjani, amesimama, mchicha kidogo hapa, kabichi kidogo pale, na kwake hicho hakikuwa chakula, ilikuwa kazi. Likizo ikija, hakuna sufuria za kuonja, mboga zinakoma. Damu yake ilikuwa ikifuata ratiba ya shule.

Agizo lilikuwa rahisi kutamka: aache kuonja, aketi, ale sahani moja yenye mboga kiasi kilekile, muhula na likizo. Kwa mpishi, hiyo ni sawa na kumwambia fundi cherehani ashone amefumba macho. Wiki za mwanzo tulikula maajabu, ikiwemo maharage yaliyotiwa chumvi mara mbili, na msaidizi wake akalia nyuma ya stoo yangu. Bi Mwiko alimfuata, akamfuta machozi kwa kanga, akamrudisha jikoni. Alisimama mikono nyuma, akamwacha mwenzake akosee mbele ya shule nzima, asimnyang'anye mwiko. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Leo jiko lina wapishi watatu wanaojua chumvi bila kuuliza, na vipimo vyake vimetulia kwa muda mrefu.

Mwaka ule wa ganzi, mkuu wa shule aliniita pembeni, akaniomba niandae maneno machache kuhusu Bi Mwiko, iwapo lolote lingetokea. Niliyaandika. Yakanishinda kuyasoma, nikayatia motoni. Haya ya leo ni mengine, na mwenyewe ameketi safu ya mbele akiyasikia, ubavuni mwa mumewe, na namjua, atakuwa na la kusahihisha.

Asante, dada yetu, kwa kutulisha na kutufundisha. Tunakutakia mema yote huko uendako. Ishi salama, ishi sana.