Effie Galbraith na Mikono ya Dugald

Mama yetu, Euphemia Galbraith, ambaye hapa Port Glasgow wote mlimwita Effie, alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu wa mzee Lamont wa kiwanda cha kamba. Alisoma hapa hapa mjini, akaacha shule mwaka 1959 na kuingia kiwanda hicho hicho. Hesabu alizijua kuliko mwalimu wake, na alimwambia hivyo.

Tarehe 3 Julai 1965 alifunga ndoa na Dugald, ambaye kazi yake ilikuwa kufunika mabomba ya meli kwa asbesto ili yasipoteze joto. Kila Ijumaa Baba alirudi na ovaroli nyeupe pe kwa vumbi. Mama alizianika uani, akazipiga kwa kipigio cha mazulia, kisha akazifua. Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa mtaa huu, huku wakipiga soga. Hakuna aliyewaambia kitu.

Oktoba 2022 alianza kuhema akipanda ngazi. Maji yalikuwa yamejaa kati ya pafu na mbavu. Daktari alisema ni mesothelioma, kansa ya utando wa mapafu inayoletwa na vumbi lile. Haiponi, ila mateso yake yanapunguzika. Mama alikubali dripu nne za dawa za kansa, zikamchosha, akasema basi. Akachagua kuwekewa mrija mdogo ubavuni wa kutolea maji nyumbani, mofini kidogo ya kunywa kwa maumivu na kubanwa pumzi, mito mitatu mgongoni, na feni ndogo ya kumpulizia usoni. "Nipeni pumzi ya kumsema Dugald," alimwambia nesi. "Inanitosha."

Nesi akataka kumfundisha Baba kutoa yale maji. Baba akakataa hata kuugusa mrija.

"Effie, mikono hii ndiyo iliyokuletea ugonjwa." Akalia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia.

"Mikono hiyo imenilisha tangu unioe. Acha kudeka, mzee. Nenda kanawe, nabanwa pumzi."

Akaenda kunawa. Tangu siku ile, kila Jumatatu na Alhamisi, Baba alimtoa maji kifuani, taratibu kuliko nesi. Chupa ikijaa, Mama alivuta pumzi na kuagiza chai.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Ijumaa, 9 Februari 2024, bila kuhangaika, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba. Ameacha mume, Dugald. Watoto wawili, Fergus na mimi Morven. Na wajukuu watano ambao aliwaharibu kwa peremende.

Wiki moja kabla, aliniita kuhusu wasifu huu. "Andika utakavyo, ila usinipambe. Na usome mbele ya watu, mzee akiwa benchi la kwanza, kwamba si yeye aliyeniletea ugonjwa. Nimemwambia mara mia, hasikii. Kanisani hatakuwa na pa kukimbilia."

Baba, umesikia. Si wewe. Sasa mwache Mama apumzike kwa amani.